Theluji ya Kongo: Historia ya Hatari Inayoshuka Mlimani

Hadi mwaka 1988 mtu wa Kindu na mtu wa Mutwanga, chini ya Ruwenzori, walikuwa wananchi wa jimbo moja. Kivu ya wakati ule ilianzia kwenye misitu ya mto Lualaba, ambako Kindu imekaa kwenye kimo cha mita zipatazo 500 tu, ikapanda mpaka kilele cha Margherita katika milima ya Ruwenzori, mita 5,109 juu ya usawa wa bahari, kwenye barafu ya mwaka mzima. Mwaka huo Kivu ikakatwa vipande vitatu. Maniema ikawa jimbo, Kindu ikawa makao makuu yake, na theluji ikabaki Kivu Kaskazini, katika wilaya ya Beni. Sisi wa Maniema hatukuisikitikia. Barafu tunayoijua ni ile ya friji, inayouzwa sokoni siku za joto.

Hata hivyo, watu wa Maniema wamo katika historia ya theluji hiyo tangu wageni walipoanza kuiandika, na wamo kama ilivyo desturi yetu katika historia nyingi: wakiwa na mizigo kichwani. Swali la historia hii ni moja. Mlima wa theluji huua vipi, na humuua nani? Jibu limebadilika mara mbili katika miaka 130 na kidogo.

Theluji isiyo na majira

Kwanza tuelewane kuhusu poromoko la theluji. Katika milima ya Alps huko Ulaya, theluji hurundikana miezi mingi, tabaka juu ya tabaka. Tabaka moja likiwa dhaifu, lenye chembe zisizoshikana, lile la juu hukaa kama bamba lililowekwa juu ya mchanga mlegevu. Mteremko ukiwa na mwinamo wa kati ya nyuzi 30 na 45, uzito wa mtu mmoja unatosha kulipasua bamba lote. Linateleza, linavunjika, linamfunika kila aliye chini yake. Ndiyo maana huko kuna taasisi zinazotangaza kiwango cha hatari kila siku ya majira ya baridi, kama redio inavyotangaza hali ya ziwa kwa wavuvi.

Ruwenzori iko karibu kabisa na ikweta na haina majira ya baridi. Tofauti kubwa ya joto iko kati ya mchana na usiku, wala si kati ya mwezi na mwezi. Theluji inaweza kuanguka mwezi wowote, ingawa huzidi katika misimu miwili ya mvua. Inayoanguka usiku hulowa kufika adhuhuri, kisha usiku unaofuata huganda na kushikamana na ya zamani. Kwa hiyo yale mabamba makubwa ya Ulaya hayapati nafasi ya kutengenezeka. Maporomoko yapo, lakini mengi ni madogo, ya theluji mbichi iliyolainishwa na jua.

Wapandaji waligundua mapema kwamba hatari ya Ruwenzori ina sura nyingine. Hewa yenye unyevu, sehemu yake ikitoka katika misitu ya bonde la Kongo, hupanda mlima, ikakutana na baridi na kuganda kwenye kingo za miamba. Hapo hujengeka vibaraza vya barafu vinavyoning'inia juu ya shimo, vikiwa na nguzo za barafu zinazovishikilia kwa chini. Anayetembea ukingoni ndani ya ukungu hudhani amekanyaga mwamba, kumbe chini yake ni hewa tupu. Kuna nyufa katika mito ya barafu, yaani ile barafu nene inayojisogeza taratibu kuteremka. Juu ya yote kuna baridi ya majimaji, inayopenya nguo kwanza na mwili baadaye.

Kabla ya 1888: waliojua na waliobisha

Wakonjo wa upande wa mashariki na ndugu zao Wanande wa upande wa Kongo walikuwa wakiuishi mlima huo zamani, wakiwinda pimbi kwenye miamba ya juu na kushona joho za ngozi zake. Katika imani yao theluji ni Nzururu, mwenye heshima juu ya mizimu mingine ya mlima. Huko juu hakuendwi ovyo. Ukiitazama bila dharau, hiyo pia ni kanuni ya usalama, na imeokoa maisha mengi kuliko ramani.

Ulaya haikuamini. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona Kilimanjaro ikiwa na kofia nyeupe tarehe 11/5/1848, mtaalamu mmoja wa jiografia jijini London, William Desborough Cooley, alimbishia kwa miaka akiwa kwenye kiti chake. Theluji chini ya ikweta? Haiwezekani. Lakini Rebmann alikuwa amesimuliwa na wenyeji habari iliyopaswa kuumaliza ubishi: mtawala wa Machame wa zamani alituma watu wakachunguze ile fedha inayong'aa juu ya mlima, na aliyerudi alikuwa mmoja, mikono na miguu yake ikiwa imeharibiwa na baridi. Hakuna poromoko lililowafunika wale wengine. Baridi ilitosha.

1888 hadi 1892: chumvi juu ya mlima

Henry Morton Stanley hakuwa mgeni kwa Maniema. Alifika Nyangwe, kwenye Lualaba, mwaka 1876, akapatana na mfanyabiashara Tippu Tip ili amsindikize kuufuata mto. Mwaka 1887 alirudi kwa njia ya mdomo wa Kongo ili kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama karibu na Ziwa Albert, na Tippu Tip alisafiri naye katika meli moja kutoka Unguja, akiwa ameahidi kumtafutia wapagazi. Kule msitu wa Ituri msafara ulipita katika kambi za wawindaji wa pembe za ndovu, kina Ugarrowwa na Kilonga-Longa, ambao watu wao walikuwa Wamanyema, yaani watu wa Maniema. Baadaye Wamanyema walibeba mizigo ya msafara huo wenyewe.

Tarehe 24/5/1888, karibu na Ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara alimwonyesha Stanley mlima uliofunikwa, alivyosema yeye, na chumvi. Stanley alidhani ni wingu. Ilimchukua muda kukubali kwamba anatazama theluji, tena katika mlima ambao msafiri Samuel Baker hakuuona alipofika ziwa hilohilo mwaka 1864, na ambao Stanley mwenyewe alikuwa ameukaribia kwa upande wa mashariki mwaka 1876 bila kuviona vilele vyake. Ukungu wa Ruwenzori una ukaidi huo.

Mwaka uliofuata msafara ulivuka mto Semuliki na kupita chini ya mlima kwa upande ambao leo ni Kongo. Luteni William Stairs aliondoka tarehe 6 Juni na Wazanzibari wapatao 40 kujaribu kupanda. Walifika futi 10,677, sawa na mita 3,250 hivi. Mabonde yenye kina yalikuwa yamewakatia njia ya theluji, chakula kilikuwa kidogo, na wale wanaume wa pwani, wakiwa na nguo za pamba tu, walikuwa wakitetemeka. Stairs aliwarudisha. Mtu huyo alikuja baadaye kuongoza msafara uliomwua mtawala Msiri kule Katanga, na simtetei kwa hilo. Lakini uamuzi wa kugeuza njia siku ile ulikuwa sahihi, na wengi waliomfuata hawakuwa nao.

Mwaka 1891 Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyekuwa akisafiri na Emin, alipanda bonde la Butahu kutoka magharibi, akapita mita 4,000 na kueleza jinsi mimea inavyobadilika kwa ngazi: msitu, mianzi, miti ya ajabu yenye ndevu za kuvu, kisha miamba. Bonde hilo ndilo limebaki njia kuu ya kupandia upande wa Kongo. Emin mwenyewe aliingia msituni akiufuata upande wa Lualaba, akauawa Oktoba 1892 kijijini Kinena, kwa mauaji yanayohusishwa na amri ya Kibonge, mkubwa wa wafanyabiashara Waarabu kwenye mto huuhuu unaopita Kindu. Theluji aliiona, bahari hakuiona tena.

1906: kichwa cha Ollier

Mwezi Juni 1906 Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi kutoka Italia, alipanda kwa upande wa Uganda akiwa na waongozaji wa Alps, Joseph Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel, na mpigapicha Vittorio Sella. Wakonjo ndio waliopandisha mizigo sehemu za juu.

Tarehe 18 Juni, wakiwa karibu na kilele kirefu kuliko vyote, walifikia ukingo wa barafu uliowazibia njia. Ollier alijikita kwenye mteremko wa barafu, akageuka ngazi. Petigax alimpanda mabegani, kisha kichwani, akiwa amevaa viatu vizito vyenye misumari, mpaka akaupata ukingo. Ollier hakutikisika. Duke alikiita kilele Margherita, jina la malkia mama wa Italia.

Kwa mtazamo wa hatari, msafara ule ulileta maarifa ambayo wenyeji hawakuwa nayo na ambayo Stairs hakuyafikia: kamba baina ya watu, shoka la barafu, kupanda alfajiri kabla jua halijalainisha theluji, kutosogelea vibaraza. Lakini maarifa hayo yalibaki kwa wenye kamba. Mbeba mzigo hakufundishwa, na mara nyingi hakuvishwa.

1908: Karisimbi

Gharama ya jambo hilo ilionekana baada ya miaka miwili, kusini kidogo. Karisimbi, mita 4,507, ndio mlima wa volkano mrefu kuliko yote ya Virunga na leo uko mpakani mwa Kongo na Rwanda. Hauna barafu ya kudumu. Theluji na mvua ya mawe huupaka weupe kwa saa chache, kisha hutoweka.

Mwanzoni mwa 1908 mwanajiolojia Egon Kirschstein, wa msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwa akitoka mlimani humo na wapagazi wake. Dhoruba ya theluji na mvua ya mawe iliwakuta ndani ya kreta iitwayo Branca, mahali penye kinamasi. Wapagazi walikuwa wameloa chapachapa, upepo unapiga, wengine wakaketi kwenye matope na kukataa kuendelea. Wapagazi 20 walikufa hapo. Kirschstein alinusurika.

Vitabu vya wakati ule vilipenda kusema kwamba Mwafrika hukata tamaa upesi. Sivyo, na daktari yeyote leo atakueleza. Mwili uliolowa hupoteza joto kwa kasi kubwa kuliko mwili mkavu, hata hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha mtetemeko hukoma, na hiyo si nafuu: akili imeanza kuchanganyikiwa, ulimi unakuwa mzito, na mtu anatamani kitu kimoja tu, kukaa chini alale. Kukaa kule wanakokuita kukata tamaa ni dalili ya ugonjwa. Mzungu aliyevaa sufu na viatu alifikia hatua hiyo saa kadhaa baada ya aliyevaa kitambaa cha pamba, na ndiyo tofauti yote. Wale 20 hawakuuawa na poromoko wala ufa. Waliuawa na nguo walizokosa. Tulichoachiwa kuhusu wao ni idadi.

1910 hadi 1960: mpaka, bustani na rula

Mwezi Mei 1910 wajumbe waliokaa Brussels waligawana mlima. Mstari ukapita vileleni, Margherita ikawa ya Wabelgiji na Waingereza kwa pamoja. Mwaka 1925 ikaanzishwa Bustani ya Taifa ya Albert, ambayo baadaye ilipanuliwa kuimeza Ruwenzori ya Kongo. Tangu 1969 tunaiita Virunga.

Upande wetu ulikuwa mgumu: mwinamo mkali na matope marefu. Mwaka 1932 msafara wa kisayansi wa Kibelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda kutoka Mutwanga kwa bonde la Butahu na kuchora ramani ya barafu ya magharibi. Njia ikapata vibanda ambavyo majina yake wapandaji wanayajua kwa mfuatano: Kalonge, Mahangu, Kiondo. Kwa mara ya kwanza hatari ya mlima ikapangiwa vituo vya kupumzikia, moto na paa. Sidhani kama kuna uvumbuzi wa kiufundi uliopunguza vifo kwenye milima hii kuliko kibanda kikavu.

Miaka ya 1950 akaja Jean de Heinzelin, yuleyule aliyechimbua mfupa wenye alama za hesabu kule Ishango mwaka 1950. Alifuatilia jinsi mto wa barafu wa Stanley Magharibi ulivyokuwa ukirudi nyuma, akiyasoma makovu yaliyoachwa kwenye mwamba. Rula ilikuwa imeanza kuhesabu kinyumenyume.

1966 hadi 2010: mlima unapasuka

Tarehe 20/3/1966 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga Toro, upande wa Uganda, na Beni, likaua watu zaidi ya mia moja. Lilikumbusha kwamba Ruwenzori si volkano kama Virunga bali ni bonge la mwamba linalosukumwa juu na Bonde la Ufa, na bado linasukumwa. Kisha zikaja vita. Mwaka 1996 waasi wa Uganda wa ADF walishambulia Mpondwe mpakani, wakajenga kambi mlimani. Uganda iliifunga bustani yake ya Ruwenzori kuanzia 1997 hadi 2001, na upande wa Kongo ukawa wa kufunguliwa na kufungwa, mpaka leo. Kwa miaka mingi aliyepanda bonde la Butahu aliogopa bunduki kuliko baridi.

Wakati watu wakipigana, barafu ilikuwa ikiondoka. Mwaka 1906 ilikadiriwa kuwa kilomita za mraba 6.5 hivi kwa milima yote ya Ruwenzori. Vipimo vya setilaiti vilionyesha kama 2 mwaka 1987, na chini kidogo ya 1 mwaka 2003. Mwezi Machi 2010 mamlaka ya wanyamapori ya Uganda ilitangaza kwamba barafu ya Margherita imepasuka na kuziba njia ya kileleni.

Hapa hatari iligeuka mara ya kwanza. Barafu ikiwa nene na baridi hushika mawe kama saruji. Ikiyeyuka, hulegeza kila jiwe ililolishikilia, na mteremko uliokuwa mgumu huanza kutapika. Kilimanjaro ilitoa somo hilo kwa uchungu tarehe 4/1/2006, pale mawe yaliyoachiwa na barafu yalipoporomoka kwenye njia ya Western Breach, juu ya kambi ya Arrow Glacier, na kuua Wamarekani watatu. Njia ilifungwa kwa muda. Wapandaji wa zamani waliogopa theluji kuwa nyingi. Wa leo wana sababu ya kuogopa kuwa chache.

2012 hadi leo: poromoko la matope

Mgeuko wa pili umeitoa hatari vileleni na kuileta majumbani. Mwezi Februari 2012 moto uliunguza nyika za juu za Ruwenzori, upande wa Uganda, mahali ambapo kwa kawaida hata kijiti hakishiki moto kwa unyevu. Mwezi Mei 2013 mvua kubwa ilishuka, mto Nyamwamba ukafurika ukibeba mawe na magogo, ukaipiga Kilembe na Kasese. Watafiti walioufuatilia mkasa huo waliuhusisha na maporomoko ya ardhi na ule moto uliokuwa umeivua milima nguo.

Kwetu Kongo tarehe ya kukumbuka ni Alhamisi 4/5/2023. Ilikuwa siku ya soko Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu katika wilaya ya Kalehe. Mvua ilinyesha milimani, mito ikatoka kwenye njia zake, matope na mawe yakashuka juu ya Nyamukubi na Bushushu. Maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na maelfu ya watu hawakuonekana. Kalehe haina theluji. Lakini kinachotendeka ni kilekile cha Alps: tabaka zito la juu, tabaka dhaifu la chini, maji yanayolainisha kiungo, mwinamo mkali, na mtu aliyejenga pale ambapo mlima huteremshia mzigo wake. Tofauti ni kwamba huko Ulaya mtu hutangaziwa hatari asubuhi kabla hajavaa viatu vya kutelezea. Mama wa Nyamukubi alikuwa ametandaza mihogo na hakuna aliyemwambia neno.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapolia tu kwamba theluji ya Afrika inaisha. Inaisha kweli. Vipimo vya setilaiti vilivyochapishwa 2024 viliipa Ruwenzori yote kilomita za mraba 0.38, Kilimanjaro 0.98, na Mlima Kenya 0.07. Wataalamu wengi hawaipi barafu hiyo zaidi ya katikati ya karne hii. Lakini hata maji yake hayaji kwetu Lualaba: huingia Semuliki, yakaenda Ziwa Albert, kisha Nile, mpaka Misri. Na sehemu kubwa ya maji ya mto Semuliki ni ya mvua, wala si ya barafu. Kitakachoendelea kuwaua watu wa milima ya mashariki, theluji ikiwepo au isiwepo, ni mvua juu ya mteremko uliokatwa miti.

Nchi yetu ina shirika la hali ya hewa, Mettelsat. Linachohitaji ni vipimo vya mvua juu ya mabonde yenye watu, kuanzia Butahu hadi Kalehe na vilima vya Pangi na Kabambare huku Maniema, na simu ya kumfikia chifu wa kijiji kabla maji hayajafika. Wabunge wetu wa Maniema na wenzao wa Kivu zote mbili waliokuwa jimbo moja hadi 1988 wanaweza kuliomba fungu hilo kwa sauti moja katika bajeti ijayo.